Namna ya Kuegemea Gari la Mwenzako

Kuna watu wanaomwonea wivu jirani, au yule mama wa kwaya anayepewa kuanzisha wimbo kila Jumapili. Mimi nilimwonea wivu mwanamke aliyekufa wakati babu wa babu yangu hajaota meno. Nilimwonea wivu Jumamosi nane mfululizo, kuanzia saa nne asubuhi, nikiwa nimevaa glavu nyeupe za pamba. Jumamosi ya tisa nikamwongeza na mdogo wangu wa tumbo moja.

Mambo yalianzia shuleni. Hapa Louisville, Amerika, nilisoma shule ya jioni miaka minne. Nilikuwa natoka kwenye ghala la mizigo na viatu vyangu vyenye chuma mbele, moja kwa moja mpaka kwenye dawati, tukifundishwa hesabu za sehemu kama watoto. Siku ya kupewa diploma nilipiga vigelegele vikavuka mto vikaingia Indiana, na huko watu walisogea pembeni wakidhani treni inakuja. Nilikuwa katika umri ambao wenzangu wanapewa wajukuu. Mimi nilipewa kofia yenye kishada.

Ni mwalimu wa shule hiyo aliyeuliza kama kuna mtu darasani anayejua kusoma Kifaransa, maana kuna jumba la makumbusho linatafuta wa kujitolea. Nilinyoosha mikono yote miwili. Kifaransa changu hakikunijia kwa starehe. Kule kwetu, milima ya juu ya Kivu Kusini, mtoto aliyekamatwa shuleni akiongea lugha ya mama yake alivikwa kibao shingoni, na hakivui mpaka amkamate mwenzake. Mimi nilikivaa kile kibao mpaka leo shingo yangu imeegemea kushoto.

Jumba lenyewe liko katikati ya mji, la matofali mekundu, ngazi zake pana kiasi kwamba ukoo wetu mzima ungepiga picha ya harusi pale na nafasi ikabaki ya wasioalikwa. Lilijengwa na familia iliyotajirika kwa wiski. Baba wa familia aliuza wiski mpaka akakosa la kufanya. Akamchukua mke na binti zake wawili, wakapanda meli wakaenda kukaa Paris, enzi za kaizari wa mwisho wa Wafaransa. Binti mkubwa alikuwa na binamu yake wa kike aliyebaki hapa Louisville, na alimwandikia kila wiki. Mwanzoni aliandika kwa Kiingereza. Baada ya mwaka mmoja akageukia Kifaransa, na sababu ninaijua mimi: alitaka binamu aone.

Aliyesimamia jumba alikuwa mama mzee mwembamba, mkurugenzi, mwenye nywele nyeupe na peremende mdomoni saa zote. Alikuwa anatayarisha maonyesho juu ya maisha ya familia ile kule Ufaransa. Aliniletea sanduku la barua, kubwa kama jeneza la ndama, akaniambia: «Soma taratibu, niandikie unachokiona, na siku ya ufunguzi tutahitaji mtu wa kusimama mbele ya wageni awaeleze.»

Mtu wa kusimama mbele ya wageni! Jumapili iliyofuata kanisa zima lilishajua. Mchungaji alinitangaza. Fundi cherehani wa mtaa wa Newburg alianza kunishonea kitenge chenye mabega yaliyosimama. Sijawahi kusimama mbele ya watu hapa Amerika ila kupigwa picha za vitambulisho, kwa hiyo nilikitaka kile kisimamo kama mgonjwa anavyotaka maji.

Basi, nikasoma. Na kadiri nilivyosoma roho ikazidi kuniuma.

Wale watu walivuka bahari na masanduku kumi na manane. Mimi nilivuka na mfuko mmoja mweupe wa plastiki, niliokatazwa kuuachia mpaka nifike. Wao walipofika waliletewa maua hotelini. Sisi tulipofika tuliletewa fomu. Binti anaandika kwamba amepimwa gauni moja mara nne, kwamba amekaa kwenye ukumbi wa opera karibu na mke wa balozi, kwamba bibi mmoja mwenye cheo amekuja mwenyewe kuwaona, akaacha kadi yake mlangoni na pembe ya kadi imekunjwa. Kukunja pembe kulionyesha kwamba mtu hakutuma mtumishi, amekuja kwa miguu yake. Nikafikiri habari ya wageni wangu mimi, hapa mtaani Iroquois, wanaopiga honi wakiwa ndani ya gari.

Lililoniuma zaidi lilikuwa hili: Wafaransa walimsifia matamshi. «Wanasema nina lafudhi ya kupendeza.» Mimi hapa nikiomba maji naambiwa nirudie mara tatu. Lafudhi yake na lafudhi yangu zote ni za mgeni, lakini yake iliitwa ya kupendeza.

Na palikuwa na picha. Ilipigwa mchana mbele ya jumba la mawe. Baba ana kofia ndefu, mama ana mwavuli, mabinti wana magauni mapana kama mahema, na mbele yao gari la farasi wawili, linang'aa hata kwenye karatasi iliyogeuka rangi ya chai. Binti mkubwa amesimama karibu na mlango wa gari na mkono wake uko juu ya mlango. Mkurugenzi aliipenda picha ile kuliko vitu vyote. Aliagiza ikuzwe iwe ukubwa wa ukuta, na chini yake aliandika maneno: familia mbele ya makazi yao ya Paris, pamoja na gari lao.

Shida ikaanza kwenye barua za mwaka wa tatu. Yule binti, na utajiri wake wote, alikuwa na tabia ya kubana karatasi. Alijaza ukurasa, kisha akaugeuza ubavu na kuandika tena juu ya maandishi yaleyale kwa kuyakatisha, mpaka ukurasa ukafanana na mkeka. Nilitazama mkeka ule wiki mbili nikaona nyuzi tu. Hapo ndipo nilipofanya kosa la kumkumbuka mdogo wangu.

Mdogo wangu huyu wa kike anakaa mji wa Columbus, analea wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Zamani, Bukavu, alisoma Kifaransa cha chuo na akakifundisha. Yeye alifika Amerika miaka tisa kabla yangu, akapelekwa mji wa Buffalo, mtaa wa Black Rock karibu na mto. Mwezi wake wa kwanza tu alitutumia picha sisi tuliobaki kambi ya wakimbizi: amesimama kwenye theluji na koti refu, nyuma yake nyumba ya matofali, na mbele yake gari jekundu. Mkono wake uko juu ya mlango wa gari. Niliichapisha picha ile kwa mpiga picha wa kambi nikaibandika juu ya kitanda. Watu walidhani ni upendo. Miaka tisa niliamka nikalitazama gari lile kabla sijamsalimia Mungu. Nilijua kila kioo chake. Nilipofika nami Amerika, swali langu la kwanza kwa mdogo wangu, kabla ya habari za watoto, lilikuwa liko wapi lile gari jekundu. Akajibu haraka, akiniita kama kwetu anavyoitwa dada mkubwa: «Tuliuzisha, Yaya. Ilikuwa inakunywa mafuta sana.»

Nikaendesha mpaka Columbus na nakala za barua ndani ya bahasha. Binti yake alinifungulia mlango, nikamsalimia kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza na kurudi kwenye simu yake. Mdogo wangu alikuwa jikoni anasonga ugali.

«Donc umeendesha njia yote ile juu ya karatasi?» akaniuliza, akichanganya na Kifaransa chake.

«Sio karatasi, ni historia.»

«Bon, lete nione hiyo historia. Acha ninawe mikono.»

Akavaa miwani. Akageuza ukurasa mara moja, akaanza kusoma. Nakwambia alisoma kama mtu anayesoma tangazo la kanisa. Nyuzi zilimfungukia. Sauti yake ikabadilika ikawa ya kule chuoni, ile ya pua, na binti yake akaacha simu na kuja kusikiliza mlangoni. Mimi nikala ugali. Ulikuwa mtamu na sikuusifia. Aliponiuliza kama umeiva nikasema, «Unaenda.»

Alibaki na nakala ili asome zote. Jumamosi iliyofuata nikamweleza mkurugenzi, naye akaomba amwone mdogo wangu kwenye simu ya video. Nikamshikia simu mimi mwenyewe, kama mtu anayejishikia fimbo ya kuchapiwa. Mdogo wangu akasoma barua moja ya dansi ya ikulu, kisha akaieleza kwa Kiingereza kizuri. Mkurugenzi akaacha kumung'unya peremende.

«Dada yako anasoma vizuri mno,» akaniambia baada ya simu. «Unafikiri angeweza kuja kutoka Columbus, azungumze siku ya ufunguzi? Wewe ungemkaribisha. Ngoja nifikirie kidogo, nitaamua Jumamosi ijayo.»

Ningemkaribisha! Mimi na mabega yangu ya kitenge yaliyosimama, niseme jina lake, nirudi kukaa! Niliendesha kurudi Iroquois nikiwa nimevimba kiasi kwamba mkanda wa gari ulinibana. Wiki nzima kazini nilipakia mizigo kwa hasira, na msimamizi akanisifia kasi.

Jumamosi hiyo nilipofika, nilikuta picha kubwa imeshaletwa. Imesimamishwa ukutani, watu wake wana kimo changu. Mkurugenzi alikuwa juu ofisini. Nikasimama mbele ya yule binti tajiri uso kwa uso, nikamtazama kwa kijicho chote nilichokuwa nacho, kuanzia kofia, nikashuka kwenye shingo, nikafika kwenye mkono.

Mkono ule niliujua.

Haukuwa umeegemea mlango. Ulikuwa umegusa kwa ncha za vidole vitatu, vyepesi, kama mtu anayegusa chuma kuona kama kina moto. Kiwiko kimebaki hewani. Mwenye gari haliogopi gari lake, analiegemea, analisahau, anaweka hata mfuko wa vitunguu juu yake. Mtu anayegusa hivi anaogopa kuacha alama. Tena dereva wa farasi, kule juu, hakuwatazama wao. Alitazama pembeni, upande ambao mwenye gari angetokea. Na juu ya mlango, sasa picha ilipokuzwa, kulionekana kitaji kidogo kilichochorwa. Wauza wiski wa Louisville walipata wapi taji?

Nikapanda ngazi za ofisini mbilimbili, nilivyo mnene.

«Gari hili si lao,» nikasema. «Na nyumba pia nina mashaka nayo.»

Mkurugenzi akavua miwani. «Kwa nini unasema hivyo?»

«Kwetu kila mtu ana picha kama hii. Ukifika nchi mpya unatafuta gari la mwenzako linalong'aa, unasimama kando, unatuma nyumbani. Mimi nilitazama picha ya namna hii miaka tisa. Najua mkono unavyokaa.»

Hakucheka, namsifu kwa hilo. Alishuka, akatazama vidole, akatazama taji kwa kioo cha kukuzia. «Inawezekana,» akasema. «Lakini siwezi kubadilisha maneno ya ukutani kwa sababu ya vidole. Nahitaji barua inayosema hivyo. Tumpigie dada yako.»

Mdogo wangu akatokea kwenye simu, kajifunga kilemba, nyuma yake friji. Mkurugenzi akamweleza kwa Kiingereza, akamuuliza kama ameona chochote juu ya gari. Mdogo wangu akajibu, naye kwa Kiingereza, kwamba barua zinasema tu «gari letu», basi.

Macho yake yalikimbia. Mimi nimemlea, nikimwosha uso mgongoni mwa mlima asubuhi zenye baridi. Akidanganya macho yake hukimbilia upande wa kulia.

Hapo wivu wote wa Jumamosi zote ukanipanda. Nikahamia Kiswahili.

«Wee, mdogo wangu. Mtu akisimama na gari yake, anaigusa na vidole vitatu?»

«Yaya, mambo gani hayo mbele ya mzungu?»

«Hasikii. Nijibu. Ile gari nyekundu ya Buffalo, uliigusa na vidole vingapi?»

Friji lake nililisikia likinguruma mpaka Louisville.

«Haikukuwa yangu,» akasema.

«Ilikuwa ya nani?»

«Ya ule fundi mwenye alikuja kutengeneza bomba kwa jirani. Nilimwambia asimame kidogo nipige foto. Alinicheka, akasimama.»

«Na ile nyumba?»

«Nyumba ilikuwa ya jirani. Sisi tulikuwa nyuma, juu, chumba mbili, na dirisha moja haifungike. Yaya, ningewatumia nini? Dirisha?»

«Miaka tisa!» nikapiga kelele. «Miaka tisa nakula roho yangu juu ya gari ya fundi wa bomba! Utanirudishia na nini?»

«Na wewe ile pikapu ya bluu ya Louisville, mwenye ulituma kwa binamu yetu kambini? Ulikuwa umeipanda na kuketi ndani! Mimi angalau nilisimama inje.»

Pikapu ya bluu ni ya jirani yangu wa Iroquois, hata leo hajui.

«Bon,» akasema mdogo wangu, na sauti yake sasa imeshuka. «Barua iko. Niliisoma tangu siku ile ya ugali. Haikuenda kwa binamu, ni ile fupi, ya kwenda kwa ule mama mlezi mwenye alimlea akiwa mtoto. Anasema bibi mwenye cheo aliwaachia gari mpaka saa kumi na moja ya jioni, na mpiga picha alichelewa, na mama yake alikuwa anatetemeka vile saa zinaenda. Anasema nyumba yao wao iko ya kupanga, upande wa uani. Anamwomba asimwambie binamu.»

«Na ukaificha?»

«Aliomba asiambiwe mtu, Yaya. Nilimwonea huruma. Niliona kama ni mimi.»

Mkurugenzi alikuwa anatutazama kwa zamu, kama anayetazama mpira wa meza. «Anasema nini?» akaniuliza.

Hapo ilikuwa mikononi mwangu. Ningesema dada yangu ameificha barua kwa makusudi, kisimamo kingekuwa changu peke yangu, na mabega yangu yangesimama bila mshindani. Maneno yalishafika kwenye meno. Nikamwona mdogo wangu kwenye kioo kidogo cha simu, kilemba kimelegea, akinitazama vilevile alivyonitazama akiwa na miaka sita na mtungi amevunja.

«Anasema barua ipo,» nikamwambia mkurugenzi. «Ameipata kwenye zile fupi. Ni ngumu kusomeka, ndiyo maana imechelewa.»

Mdogo wangu akafuta uso kwa ncha ya kilemba, akaanza kuisoma.

Mkurugenzi aliamua papo hapo: aliyeona gari azungumze, aliyepata barua asome. Maneno ya ukutani yakafutwa, yakaandikwa mengine.

Siku ya ufunguzi nilivaa kitenge, na mabega yake yalitangulia kuingia mlangoni, mimi nikafuata. Watu walikuwa wengi kama mkutano wa injili. Nilisimama. Sikuwaambia habari za opera wala kadi zenye pembe iliyokunjwa. Nilizungumza juu ya binamu, yule aliyebaki Louisville na ile picha mkononi. Nikawaambia kwamba katika familia ile yote mimi namjua yeye peke yake. Najua aliiweka mahali pa kuiona kila asubuhi. Najua alihesabu miguu ya farasi. Aliishi na kufa hapa hapa mjini akiumwa roho kwa ajili ya gari lililorudishwa saa kumi na moja jioni, na hakupata mdogo wa kumwambia ukweli hata kwenye simu. Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka. Nilipiga makofi kidogo mwenyewe ili kuwaanzishia.

Kisha mdogo wangu akasimama na gauni lake la kawaida la bluu, akasoma ile barua fupi. Bibi mmoja wa mstari wa mbele akatoa kitambaa akalia. Hakuna aliyelia kwangu. Makofi yake yalizidi yangu, niliyahesabu, na mpaka leo nikilala ubavu wa kushoto nayasikia. Fundi wa Newburg alikuwepo pia, akamuuliza mdogo wangu gauni kalinunua wapi.

Tulipotoka, shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, akasema tusimame chini ya ngazi atupige picha. Jua lilikuwa bado juu. Mgongoni mwetu palikuwa na gari jeusi refu la mmoja wa wageni, limeoshwa mpaka unaona mawingu juu yake.

Mdogo wangu akalitazama, akanitazama. «Yaya, tusogee upande ule wa maua, gari isionekane?»

Nikafikiri habari ya binamu yetu kambini, ambaye hadi sasa ana pikapu ya bluu ukutani.

«Kaa hapo hapo,» nikamwambia. «Lakini usiguse na vidole. Weka kiwiko. Egemea na mgongo, egemea kabisa.»